Sarah Winnemucca, mkalimani aliyebebeshwa maneno ya wengine

Kila Novemba, Marekani inapoadhimisha mwezi wa urithi wa wenyeji asilia wa nchi ile, picha za zamani huanza tena kuzunguka kwenye simu. Moja hurudi mara kwa mara: mwanamke wa karne ya 19, gauni la marembo, taji kichwani, nywele zimeshuka mabegani, uso wa mtu asiyetaka mzaha. Chini yake watu huandika. Mmoja anasema huyo ni malkia wa Wahindi Wekundu. Mwingine anasema malkia gani, huyo ni msaliti, alifanya kazi na jeshi lililowaua ndugu zake. Wa tatu anauliza Wahindi walifikaje Marekani.

Mwanamke huyo ni Sarah Winnemucca, Mpaiute wa kaskazini, aliyezaliwa mnamo 1844 katika nchi ambayo leo ni magharibi ya jimbo la Nevada, akafariki Oktoba 1891 nyumbani kwa dada yake huko Idaho. Jina lake la nyumbani ni Thocmetony, yaani ua la kombe, ua linaloota kwenye nyika za kwao. Alikuwa mkalimani, mjumbe, mhadhiri, mwandishi na mwalimu, na karibu kila kazi kati ya hizo ilimwongezea maadui. Ili kumwelewa, tuanze kwa kufungua fundo la majina.

Wahindi wa wapi?

Swali la yule wa tatu ndilo jepesi. Mwaka 1492 Columbus alifika visiwa vya Karibi akidhani ameifikia Asia kwa mlango wa nyuma, akawaita aliowakuta Wahindi. Kosa lilijulikana mapema, jina likabaki. Kiswahili kililipokea kosa lile lile, na ili mtu asiwachanganye hawa na Wahindi wa Bara Hindi kikalibandika rangi. Rangi hiyo kwa wenyewe ni tusi; timu moja ya mpira wa Kimarekani mjini Washington iliacha jina la namna hiyo mwaka 2020 baada ya miaka mingi ya malalamiko. Wengi wao hupenda kutajwa kwa taifa lao: huyu Mnavajo, huyu Mcherokee, huyu Mpaiute. Serikali ya Marekani inayatambua mataifa zaidi ya 570. Kusema "mila za Wahindi Wekundu" ni sawasawa na yule mgeni anayekuuliza kama unazungumza Kiafrika.

Na Paiute je? Hilo nalo lilienezwa na wageni. Wa kaskazini hujiita Numu, na maana yake ni watu, basi. Sisi hatuna sababu ya kushangaa. "Bantu" ni watu vilevile, neno ambalo mtaalamu wa lugha Wilhelm Bleek alilifanya jina la familia nzima ya lugha zetu katika karne ya 19.

Wanaoitwa Wapaiute ni makundi matatu. Wapo wa kaskazini, kuanzia magharibi ya Nevada hadi mashariki ya Oregon. Wapo wa bonde la Owens, California. Wapo wa kusini, wanaojiita Nuwuvi, waliotawanyika Utah, Arizona na kusini ya Nevada. Lugha zao ni za ukoo mmoja, lakini Mnumu na Mnuwuvi wakikutana, kila mmoja akasema chake, hawaelewani. Ni kama Mswahili na Mzulu: utasikia "umuntu" ukatabasamu, halafu sentensi inayofuata ikakuacha mlangoni. Kwa hiyo ukisoma kwamba Wapaiute humsindikiza marehemu kwa Nyimbo za Chumvi, zinazoimbwa tangu jua kuzama hadi kuchomoza, ujue zinazosemwa hapo ni mila za kusini. Sarah hakukulia humo.

Nchi ya Numu imo katika Bonde Kuu, nyika ya juu, kavu, ambako mito haifiki baharini. Huishia ziwani au huzama mchangani. Mahali kama hapo chakula ndicho ramani, na makundi yaliitwa kwa kile walichokula. Wa Ziwa Pyramid ni walaji wa kui-ui, samaki asiyepatikana kwa asili katika ziwa jingine lolote duniani. Wa Ziwa Walker ni walaji wa trauti. Wa Stillwater hula mimea ya kinamasi, na wa Ziwa Mono hula mabuu ya nzi wanaozaliana kwenye maji ya chumvi. Asikunje uso mtu, kumbikumbi tunawala na tunawasifu.

Majira ya kupukutika majani yakifika, koo zilikutana milimani kuangusha kokwa za msonobari kwa miti mirefu. Wanawake walizikaanga kwa kuziweka kwenye ungo pamoja na makaa ya moto, wakarusha na kupepeta mfululizo ili kokwa ziive na ungo usiungue, kisha wakasaga unga wa uji. Kila ninaposoma habari za Sarah nauona ungo ule.

Binti mfalme bila ufalme

Sasa yule wa kwanza, aliyesema malkia. Numu hawakuwa na mfalme. Sehemu kubwa ya mwaka waliishi familia chache chache, wakihama na majira: samaki, mbegu, sungura, msonobari. Kiongozi alikuwa mtu ambaye neno lake linasikilizwa, na siku lisiposikilizwa uongozi wake ulikuwa umekwisha. Hakutoza kodi wala hakuwa na askari. Wazungu walipofika walihitaji mtu mmoja wa kutia saini kwa niaba ya wote, wakamwita chifu. Jambo hili msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa mara mbili: palipokosekana chifu, mkoloni alimtengeneza.

Babu yake Sarah alijulikana kwa Wazungu kama Truckee, neno ambalo Sarah aliandika kwamba maana yake ni "sawa" au "vyema". Mto Truckee umebeba jina hilo mpaka leo. Mzee huyu aliamini kwamba Wazungu ni ndugu waliopotea. Kulikuwa na hadithi ya kale ya baba aliyelazimika kuwatenganisha watoto wake, weusi huku na weupe kule, kwa sababu ya ugomvi, na Truckee alipowaona wageni alifurahi akasema ndugu wamerudi. Alimwongoza mvumbuzi wa njia John Frémont, akaenda kupigana upande wake California, akarudi na barua ya kumsifu. Barua hiyo aliiita rafiki yake wa kitambaa. Alipowaonyesha Wazungu karatasi hiyo njiani, nyuso zao zilibadilika, chakula kikatolewa. Mjukuu alikuwa anatazama.

Wengine wa ukoo hawakuwa na imani ya mzee. Mwaka 1846 msafara wa walowezi ulikwama kwenye theluji ya milima ya Sierra Nevada, na baadhi yao wakala nyama ya wenzao waliokufa. Habari ziliwafikia Numu: hawa watu weupe hula watu. Siku moja waliposikia Wazungu wanakuja, mama yake Sarah na mama wa binamu yake, wakiwa hawawezi kukimbia na watoto, waliwafukia wasichana hao wawili ardhini mpaka shingoni, wakawawekea vichaka usoni kuwafunika na jua, wakawaacha mpaka usiku. Sarah alikuja kuandika kuhusu siku hiyo akiwa mtu mzima, na hofu bado imo ndani ya maneno. Katika hadithi nyingi tulizolishwa na sinema, mla watu ni yule mwenyeji wa msituni. Huyu mtoto aliitazama picha hiyo kutoka upande wa pili.

Taji lilitoka jukwaani. Mwaka 1864, njaa ikiwa imewabana, baba yake Winnemucca na mabinti zake walipanda jukwaani Virginia City na San Francisco kuonyesha michezo ya "ukoo wa kifalme" mbele ya watu waliolipa kiingilio. Miaka baadaye, alipoanza kutoa mihadhara, matangazo yalimwita Binti Mfalme Winnemucca na yeye hakukanusha. Mavazi yale ya picha yalikuwa ya jukwaani. Fikiria kikundi cha ngoma hotelini: wanaocheza ni wenye ngoma kweli, hatua ni za kweli, lakini hakuna anayevaa vile akienda kuchota maji. Naona alijua anachofanya. Bila taji, nani Boston angelipa kumsikiliza mwanamke wa nyikani akieleza wizi wa unga na mablanketi? Gharama yake ni kwamba taji limebaki na unga umesahaulika.

Kinywa cha nani?

Tuje kwa lile neno zito, msaliti. Hapa kuna istilahi mbili za kuelewa kwanza.

Eneo tengwa ni kipande cha ardhi ambacho serikali ya Marekani iliwapangia wenyeji waishi baada ya kuchukua kilichobaki. Msomaji wa Kenya anayejua historia ya maeneo waliyotengewa Waafrika wakati wa ukoloni ataielewa haraka. Wakala ni ofisa aliyetumwa kusimamia eneo hilo. Ghala, duka, shule, mgawo wa chakula, vyote vilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulikaa mfukoni mwake.

Mawakala walikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo kule kazi yake kubwa ni ardhi, si polisi. Wanajeshi walikuwa chini ya Wizara ya Vita. Ofisi hizi mbili zilivutana kwa miaka mingi kuhusu nani awasimamie wenyeji. Ukilisahau hili, maisha ya Sarah hayaeleweki. Kwetu tunaotazama kutoka mbali, serikali ni moja. Kwake zilikuwa mbili: moja ilikuwa na mtu wa kuiba mgawo, nyingine ilikuwa na kambi ambako mgawo ulifika.

Wala hakuwa amesahau bunduki zilifanya nini. Machi 1865 askari wa kujitolea wa Nevada waliivamia kambi ya watu wa baba yake karibu na ziwa lililoitwa Mud, wanaume wengi wakiwa wametoka kuwinda. Waliouawa walikuwa zaidi wanawake, watoto na wazee. Mdogo wake mchanga alikuwa mmoja wao. Miaka michache baadaye Sarah alikuwa anafasiri katika kambi ya jeshi ya McDermitt. Mtu akiuliza aliwezaje, jibu lake, kwa ufupi, lilikuwa kwamba pale watu wake walikula. Alizungumza Kipaiute, Kiingereza, Kihispania na lugha nyingine za jirani, na kazi ya ukalimani ilimlipa mshahara ambao mwanamke mwenyeji hakuupata mahali pengine.

Baadaye alihamia Malheur, eneo tengwa lililoanzishwa mwaka 1872 huko Oregon. Wakala wa kwanza aliyefanya naye kazi, Samuel Parrish, aliwaambia watu kwamba ardhi ni yao na mazao ni yao, wakachimba mifereji kwa moyo. Mwaka 1876 akaja William Rinehart. Huyu aliwaambia ardhi ni ya serikali, wao ni vibarua, watalipwa dola moja kwa siku. Siku ya malipo ilipofika, kwa maelezo ya Sarah, aliwasomea bei: blanketi kiasi hiki, viatu kiasi hiki, sukari kiasi hiki, vitu vile vile ambavyo walipaswa kupewa kama mgawo. Kibarua yeyote wa shamba kubwa aliyewahi kumaliza mwezi akidaiwa na duka la mwajiri wake anaijua hesabu hiyo.

Juni 1878 jirani zao Wabannock waliinuka kupigana, na baadhi ya Wapaiute wenye njaa na hasira wakajiunga nao. Watu wa Winnemucca walishikiliwa kambini kwa Wabannock. Sarah akajitolea kwenda. Alipanda farasi, akaingia kambini usiku kwa kujifanya mmoja wao, akamtoa baba yake na watu wengi, akarudi kwa jeshi: maili zipatazo 220, yaani kilomita 350 na zaidi, kwa siku tatu hivi. Vita vyote alibaki na Jenerali Oliver Howard akiwa mjumbe na mkalimani. Hapo ndipo neno msaliti linapopata mizizi, ingawa safari ile ilikuwa ya kumtoa baba yake kwenye vita ambavyo mzee hakuvitaka.

Kilichofuata ndicho kilichomvunja. Januari 1879, serikali iliamuru Wapaiute waliokusanywa kambi ya Harney, waliopigana na wasiopigana, wapelekwe eneo la Yakama katika jimbo la sasa la Washington. Ni maili 350 hivi, kwenye theluji, mamia ya watu, wengine bila nguo za kutosha. Wazee walikufa njiani, watoto walikufa, mama waliojifungua njiani walikufa. Na nani aliyewaambia kwamba wataondoka? Sarah. Jeshi lilitoa amri kwa Kiingereza, ikatoka kinywani mwake kwa Kipaiute.

Mtu aliyewahi kukaa mahakamani anajua hali hii. Hakimu anasema lugha asiyoijua mshtakiwa, mkalimani anasimama katikati na kusema, "Miaka kumi." Hakuihesabu yeye. Lakini mama wa mshtakiwa akienda nyumbani, sauti atakayoikumbuka ni ya yule mkalimani.

Sarah alijaribu kulipa deni. Mwanzoni mwa 1880 alifika mji mkuu Washington na baba yake, akakutana na Waziri wa Mambo ya Ndani, Carl Schurz, akaonana pia na Rais Rutherford Hayes. Akapewa barua yenye saini: Wapaiute wa Yakama wanaruhusiwa kurudi Malheur. Akaibeba hadi Yakama kama babu yake alivyoibeba ya Frémont. Wakala wa huko akakataa kuwaruhusu, na waziri hakumlazimisha. Hapakutolewa chakula wala ulinzi wa njiani. Malheur yenyewe ikaja kufutwa, ardhi ikafunguliwa kwa walowezi.

Watu wake walimwambia usoni kwamba amewauza. Katika kitabu chake hakulificha hilo. Aliandika kwamba alisimama mbele yao akakiri amewaambia uongo mwingi kuliko nywele za kichwa chake, halafu akaongeza kwamba maneno hayo hayakuwa yake kamwe, yalikuwa ya Wazungu. Nimesoma wanaomtetea na wanaomshambulia, na sijaona aliyesema jambo kali kumhusu kuliko alilojisemea mwenyewe.

Kitabu na bibi pembeni ya kitanda

Baada ya hapo aliacha kupitisha maneno ya wengine. Mwaka 1883 alikwenda Boston, akapokewa na dada wawili waliojulikana kwa mambo ya elimu, Elizabeth Peabody na Mary Mann, akatoa mihadhara mamia katika miji ya mashariki, na mwaka huo huo akachapisha kitabu cha maisha yake na ya watu wake. Kinahesabiwa kuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vya mwanamke mwenyeji wa Marekani kuchapishwa kwa Kiingereza. Wapo wanaosema aliandikiwa. Mary Mann alikuwa mhariri, na katika dibaji yake alisema kazi yake ilikuwa kusahihisha tahajia na alama za uandishi, pamoja na marekebisho ya hapa na pale ya mwandishi mwenyewe. Kila kitabu kina mhariri; ajabu ni kwamba swali hili huulizwa zaidi mwandishi anapokuwa mwanamke mwenyeji.

Wasomaji wengi hukimbilia kurasa za vita. Mimi hurudi kwenye sura ya mila, maana ndipo unapomwona Thocmetony. Anaeleza sikukuu ya maua ya majira ya kuchipua, wasichana wenye majina ya maua wakienda kuyatafuta maua yao, kila mmoja akiimba juu ya ua lake kana kwamba ndiye ua lenyewe. Anaeleza mwali anavyowekwa kando siku 25, hali nyama, akikusanya marundo ya kuni kila siku ili awe na nguvu. Aliyepitia unyago atakuwa na maswali yake kwa bibi.

Bibi ndiye mkuu wa sura hiyo. Kijana akimpenda msichana, haruhusiwi kusema naye. Huja usiku, akakaa kimya miguuni pa msichana aliyelala, bibi akiwa pembeni. Msichana asipomtaka, anaamka na kwenda kulala kwa mama yake. Mambo hayo yanaweza kuendelea mwaka mzima au zaidi. Mtoto akizaliwa, baba hufanya kazi za nyumbani za mkewe kwa siku 25, kuni na mapishi, na asipotimiza wajibu wake kwa mtoto huhesabiwa kuwa mtu wa kutengwa. Nimewasimulia hili wanaume kadhaa. Mazungumzo hubadilika haraka.

Anaeleza pia baraza: hema moja, kila mtu ana nafasi ya kusema, wanawake wakiwamo. Kisha anawageukia wasomaji wake wa Boston na kuwaambia kwamba kama wanawake wangeingia Bunge lao, haki ingetendeka upesi kwa wenyeji. Wanawake wa Marekani walikuwa bado hawana kura katika nchi nzima. Waliipata mwaka 1920. Na hapa kuna jibu kwa wanaodhani kulinda utamaduni ni kuvaa manyoya na kucheza ngoma. Yeye aliuchukua utamaduni wake akauweka mezani kama hoja: baraza letu linasikiliza mwanamke, lenu je?

Wakati huo huo maadui hawakulala. Rinehart alikuwa amepeleka Washington barua na viapo vya kumchafua Sarah, vikimwita mlevi, mcheza kamari, mwanamke wa mitaani. Ndiyo sababu nyuma ya kitabu chake kuna rundo la barua za maofisa wa jeshi zinazomsifu. Ukiliona rundo hilo bila kujua habari ya viapo, utadhani anajisifu. Alikuwa anajibu mashtaka.

Shule ya lugha mbili

Mwaka 1885 alifungua shule karibu na mji wa Lovelock, kwenye shamba la kaka yake Natches. Wanafunzi walikuwa watoto wa Kipaiute, mwalimu Mpaiute, na masomo yalitolewa kwa Kipaiute na Kiingereza. Kwa jicho la leo ni jambo la kawaida. Kwa wakati ule lilikuwa kinyume cha sera. Tangu 1879 kulikuwa na shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, na nyingine zilizofuata mfano wake: mtoto anachukuliwa mbali, anakatwa nywele, anapewa jina jipya, anaadhibiwa akisema lugha ya mama. Ripoti ya serikali ya Marekani ya mwaka 2024 ilihesabu shule za namna hiyo 417 kati ya 1819 na 1969, na watoto waliofia humo wasiopungua 973. Oktoba mwaka huo Rais Joe Biden aliomba radhi rasmi.

Lipo kosa moja la kumhusu ambalo lina ukweli ndani yake. Husemwa kwamba alitaka watu wake wawe kama Wazungu. Kweli alitaka wasome Kiingereza, na kweli aliunga mkono wazo la kila familia kupewa hati ya kipande chake cha ardhi. Wazo hilo lilipofanywa sheria mwaka 1887 lilileta maafa: ardhi ya wenyeji nchini kote ilipungua kutoka ekari milioni 138 mwaka huo hadi karibu milioni 48 mwaka 1934, sehemu kubwa ikiishia mikononi mwa walowezi. Hapo alikosea, pamoja na wengi waliowatakia wenyeji mema. Alikuwa ameona eneo zima likifutwa kwa amri moja ya mbali, akadhani hati yenye jina la mtu itakuwa ngumu kufutwa. Ni imani ya karatasi ya babu yake, kwa mara nyingine.

Katika shule hakukosea. Kiingereza alikitaka kiwe silaha ya mtoto anayerudi nyumbani jioni kulala kwa bibi yake. Serikali ilikataa kuigharamia. Mumewe Lewis Hopkins alifariki mwaka 1887 kwa kifua kikuu, fedha za Boston zikapungua, watoto wakavutwa kwenda shule za bweni za serikali, na kufikia mwisho wa muongo huo milango ilifungwa. Mwaka 1890 shule ya bweni ya Stewart ikafunguliwa Carson City, ikawachukua watoto wa Kipaiute, Kiwasho na Kishoshone mpaka 1980. Leo majengo yake yana makumbusho, na humo wanaosimulia ni wenyeji wenyewe.

"Wameisha hawa"

Hili ndilo kosa la mwisho, na huwa nalisikia kwa watu wenye nia njema kabisa. Wapaiute wapo. Wana mabaraza, shule, madarasa ya lugha, wanasheria. Pyramid Lake ni eneo lao, na kesi zao za maji ni maarufu: bwawa la Derby lililokamilika mwaka 1905 lilipindisha maji ya Mto Truckee kwenda mashamba ya walowezi, ziwa likashuka mita zaidi ya 20, na ziwa jirani lenye jina la Winnemucca likakauka kabisa. Kui-ui walikaribia kutoweka. Wameokolewa kwa kazi ya miaka mingi ya wale wale wanaoitwa kwa jina lao.

Jimbo la Nevada lina haki ya sanamu mbili katika jengo la Bunge la Marekani. Tangu 2005 moja ni ya Sarah, shaba tupu, kitabu mkono mmoja na ua la kombe mkono wa pili. Mchongaji, Benjamin Victor, hakumvika taji.

Na Malheur? Wapaiute waliorudi kidogo kidogo walijikusanya karibu na mji wa Burns, na mwaka 1972 walipata eneo lao rasmi, ekari zisizofika elfu moja, mahali ambapo lile la kwanza lilikuwa na ekari zaidi ya milioni moja na nusu. Januari 2016 watu wenye silaha waliiteka hifadhi ya ndege ya Malheur, jirani na hapo, wakakaa siku 41 wakitaka serikali kuu iirudishe ardhi hiyo kwa wenyewe, na wenyewe waliokusudia walikuwa wafugaji na wachimba madini. Baraza la Wapaiute wa Burns liliwaita waandishi wa habari. Mwenyekiti wakati huo alikuwa mwanamke, na alizungumza kwa Kiingereza, bila mkalimani.